Meza ya Tahvo Räty

Haya hayakumpata rafiki wa rafiki. Yalimpata binamu yangu Tuire, mchana kweupe, mimi nikiwa nimekaa mezani na kalamu mkononi.

Siku yalipoanzia ilikuwa Jumanne ya kawaida ya mwezi wa sita. Nilikuwa kwa mama, mjini Iisalmi, natuma barua ya kuomba kazi, ya mia mbili na kumi na nne. Nina shahada ya uzamili ya mila za kale. Tasnifu yangu ni kurasa mia na themanini kuhusu namna watu wa mkoa wa Savo walivyozika wafu wao. Profesa wangu aliisifu, soko la ajira likaicheka. Ofisi ya kazi walinishauri nijifunze kuendesha foklifti. Nikajifunza. Wakasema nimesoma mno kwa foklifti.

Simu ikalia.

"Profesa! Bado uko hai?" Alikuwa Tuire. Tangu nihitimu hajawahi kuniita Ilpo.

"Nipo nipo tu."

"Acha kuwepo tu, njoo mökki kwetu. Nataka mtu wa kusimamia nyumba, mwaka mzima, mkataba halisi. Ukinisaidia kumaliza matengenezo kabla ya sikukuu ya Juhannus, tunasaini siku hiyohiyo. Ila usiniletee yale maneno yako ya makaburi."

Nilifunga begi kabla hajakata simu. Miaka mitatu bila kazi inamfundisha mtu kufunga begi upesi.

Tuire na mumewe Veijo walikuwa wamenunua mökki, nyumba ya mapumziko ya magogo, kando ya ziwa dogo la Suovalampi, kijijini, wakaigeuza mahali pa watu wa Helsinki kuja kupumzikia uchovu wa kukaa ofisini. Kuta nyeupe, sakafu nyeupe. Vikombe vyeupe visivyo na mkono, ukivishika unaungua, ila kwenye picha vinapendeza. Rangi nyingine zilizoruhusiwa zilikuwa kijivu, na kijivu iliyokata tamaa. Ngozi ya kondoo juu ya kila kiti. Blanketi za sufu. Mishumaa kila dirisha, katika nchi ambayo mwezi huo hata usiku hakuna giza la kuwashia mshumaa.

Kilichokosekana ni meza.

"Nataka kelo," Tuire alisema. Kelo ni msonobari uliokufa ukiwa umesimama, ukakaushwa na upepo miaka na miaka mpaka ukawa na rangi ya fedha. Kwetu mti huo ni dhahabu. "Na nimeshauona. Upo nusu ya njia ya kwenda kanisani, ndani ya mpaka wetu."

Tukaenda na Veijo. Veijo alikuwa mkandaji wa viungo, mtu mpole kiasi kwamba akigonga kiti anakiomba radhi. Jirani, Sulo, alituletea trekta lake. Mti ulikuwa peke yake ukingoni mwa njia, hauna gome, matawi ya chini yamekatwa yote zamani sana, kileleni yamebaki machache kama vidole. Sulo aliuangalia, akazima injini.

"Huu siugusi."

"Unauogopa?" Veijo alicheka.

"Ninachoogopa ni mke wangu na kodi. Huu nauheshimu tu. Babu yangu alikuwa mlevi wa kutupwa, lakini akifika hapa alivua kofia na kutembea wima."

"Kwani una nini?" Tuire aliuliza.

"Ni wa Tahvo. Tahvo Räty. Alikuwa anakaa kwenye nyumba yenu hiyohiyo. Alimuua mkewe kwa mpini wa shoka, mezani, kisa supu imepoa. Asubuhi yake wanawe wakamkuta naye kafa, na hakuna aliyeuliza kafaje."

"Voi voi, Sulo! Usiwasimulie wageni wangu." Tuire akafikiri kidogo. "Au wasimulie. Watu wa mjini wanapenda historia."

Sulo alitema mate, akaondoka na trekta lake. Tukaukata wenyewe kwa msumeno wa injini. Ulipoanguka haukupiga kelele ya mti. Ulitoa pumzi.

Nikafuta ukoga wa kijivu kwenye shina, upande uliokuwa ukitazama kanisa. Chini yake kulikuwa na msalaba, na herufi mbili, T.R., na mwaka: 1891.

Niliujua. Ukurasa wa arobaini mpaka wa tisini na mbili wa tasnifu yangu ni huo mti. Unaitwa karsikko. Zamani jeneza lilipokuwa njiani kwenda kanisani, msafara ulisimama nusu ya njia. Walikata matawi ya msonobari, wakachonga msalaba na jina na mwaka. Si ukumbusho. Ni komeo. Maiti akiinuka kaburini akaanza kurudi kwake, anafika hapo, anasoma jina lake, anakumbuka kuwa amekufa, anageuka.

"Tuire," nilisema. "Huu mti..."

"Mzuri, eh?"

"Huu mti si wa kukata. Niliandika kuhusu..."

Alinigeukia, kaweka mikono kiunoni. "Profesa. Umeshapata kazi, au bado hujapata?"

Basi la kurudi Iisalmi lilipita saa kumi. Nililifikiria. Nikafikiria sebule ya mama, na mama akipunguza sauti ya televisheni ili asinisumbue ninapoandika barua ya mia mbili na kumi na tano.

"Ni alama tu ya kumbukumbu," nilisema.

Nikaushika mti upande wa kichwa, Veijo upande wa miguu. Ulikuwa mwepesi. Mwepesi kupita kiasi.

Siku nne tuliupasua, tukaupiga randa na msasa. Ubao wa juu ukawa mrefu kama jeneza la watu wawili, msalaba ukiwa katikati, ukimeta. Tuire alilia kwa furaha. Halafu akaniletea kichomeo cha umeme, kile cha kuandikia juu ya mbao.

"Maneno yanakosekana. Wewe ndiye msomi, una mwandiko mzuri. Andika chini ya msalaba: Tervetuloa kotiin."

Karibu nyumbani. Maneno hayo yapo kwenye kila zulia la mlangoni na kila kibao cha ukutani kutoka Helsinki hadi Lapland. Hayana maana tena, yamechakaa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Mwenye shahada ya wafu alikaa saa nzima, kichomeo mkononi, akimwandikia maiti barua ya mwaliko juu ya komeo lake mwenyewe, kwa herufi za kupendeza. Mti ulipoungua haukunuka utomvu.

Ulinuka nywele.

Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, ilifika na jua kali. Saa nne asubuhi. Veijo alikuwa nje anapasua kuni za sauna. Tulishasimika miti miwili michanga yenye magome meupe pande zote za mlango, kama ilivyo desturi. Mezani kulikuwa na viazi vipya, siagi, samaki wa chumvi. Wageni wa kwanza walitarajiwa saa tisa. Tuire aliweka mkataba mbele yangu, akanipa kalamu.

"No niin, bwana msimamizi. Saini kabla sijabadili mawazo."

"Ukibadili nakushtaki."

"Na utamlipa wakili kwa nini, kwa viazi?"

Tulicheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia kwa binamu yangu. Nikaandika jina langu la kwanza. Nikaanza la ukoo.

Hatua zikasikika kwenye kokoto.

Nzito. Za mtu mmoja. Zinatoka upande wa kanisani.

"Wamewahi!" Tuire alinong'ona, akavua aproni, akavaa lile tabasamu lake la tovuti. Akafungua mlango.

Hapakuwa na mtu. Ila mti mmoja wa pale mlangoni uliinama kama unaosukumwa na bega. Halafu wa pili.

Ukaingia ubaridi. Na harufu ya udongo mbichi.

"Ilpo," Tuire alisema polepole. Siku hiyo aliniita jina langu. "Kiti. Ni wewe umekivuta?"

Kiti cha kichwa cha meza kilikuwa kimerudi nyuma. Ngozi ya kondoo ilibonyea katikati. Ikazidi kubonyea.

Bakuli la viazi lilisogea taratibu juu ya ubao, likapita msalaba, likapita maneno yangu, likasimama mbele ya kile kiti. Kiazi kimoja kilipasuka.

Kisha sauti. Haikutoka kwenye kiti. Ilitoka ndani ya ubao, chini ya viwiko vyangu.

"Kimepoa."

Tuire alirudi nyuma hatua moja. Moja tu. Nywele zake zikanyooka mbele yake, zimekazwa, kama kamba iliyoshikwa na mkono. Akavutwa. Aligonga ukingo wa meza kwa tumbo, akapita juu ya sahani, vikombe vikapasuka chini yake. Hakupiga kelele. Hakuwa na hewa. Nikamdaka mguu. Kiatu kikabaki mkononi mwangu.

Kichwa chake kiliinuliwa.

Kikashushwa.

Ubao ulilia kama ngoma. Kikainuliwa tena.

"Veijo!" nililia.

Veijo aliingia mbio na shoka. Aliona mkewe ananing'inia kwa nywele mbele ya kiti kitupu. Mtu yule anayeomba radhi viti alinguruma, akashusha shoka juu ya kile kiti kwa nguvu zake zote.

Shoka lilisimama hewani. Lilizama. Niliisikia sauti yake, ile ya nyama buchani. Veijo akalivuta, likagoma. Kisha mpini ukaanza kugeuka mikononi mwake, kidogo kidogo, na vidole vyake, kwa kuwa hakuuachia, vikavunjika kimoja kimoja. Nilivihesabu. Sijui kwa nini nilivihesabu.

"Achia!" nilimwambia.

"Siwezi," alinong'ona. "Amenishika."

Nilichukua kisu cha samaki. Nikapanda juu ya meza, nikaanza kuyakwangua maneno yangu. Damu ya Tuire ilikuwa imeshajaa ndani ya herufi, kisu kinateleza. Nililia huku nakwangua. Nilisema nilichojua, kile nilichokiandika ukurasa wa hamsini na moja: "Tahvo Räty, umekufa. Tahvo, mwaka elfu moja mia nane tisini na moja. Umekufa. Rudi."

Mpini wa shoka ulipita karibu na sikio langu. Nilihisi upepo wake. Mara ya kwanza ulimpata Tuire begani. Mara ya pili sitaiandika.

Kisha kimya. Jua dirishani. Kahawa bado inadondoka kwenye birika, tone, tone. Veijo alikuwa amepiga magoti, shoka mikononi mwake, vidole vimepinda kila upande.

Ngozi ya kondoo kwenye kile kiti ikainuka taratibu, kama mtu aliyeshiba anapoondoka.

Polisi walikuta wanachotaka kukuta: mwanamke amekufa, mume ameshika shoka. Niliwaeleza yote. Afisa mmoja, kijana wa rika langu mwenye kazi, aliandika neno moja, mshtuko, akafunga daftari. Nilimuuliza mtu anavunjaje vidole vyake vinane huku ameshika mpini. Akaniambia kwamba hiyo si kazi yangu.

Kazi yangu ilikuwa nyingine. Walikuta mkataba chini ya meza. Saini haikukamilika, lakini wakaona unatosha. Nyumba ilitaka mtu wa kuilinda mpaka uchunguzi uishe, na mimi ndiye msimamizi. Wakanipa ufunguo wa sauna nilale humo. Hongera, Profesa.

Veijo yuko mahabusu. Akiulizwa, anajibu sentensi ileile: "Sikuwahi kumfikia." Kama atafungwa maisha, atafungwa kwa sababu mimi sikutaka kupanda basi la saa kumi.

Siku ya tatu nikaona lipo jambo moja duniani ninaloweza kulifanya sawasawa, na ambalo hakuna mwajiri wa kunikatalia. Nilichukua shoka la Sulo. Sulo hakuuliza la nini, alivua kofia tu. Mita chache kutoka kwenye kisiki nilikuta msonobari hai, mnene. Nikaukata matawi ya chini. Nikachonga msalaba upande unaotazama kanisa, kama inavyotakiwa, kisha T.R., kisha 1891. Nilifanya yote kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kama kwenye kitabu changu. Utomvu ukatiririka kama asali. Nikarudi sauna, nikalala, kwa mara ya kwanza.

Asubuhi nikaenda kuangalia.

Upande wa kanisa msalaba ulikuwa safi. Hakuna alama, hakuna unyayo, hata sisimizi hakuupanda. Niliweka kiganja changu juu yake, nikashukuru.

Kisha nikazunguka shina.

Upande unaotazama nyumba, gome lilikuwa limebanduliwa. Kuanzia usawa wa goti mpaka juu ya kichwa changu. Kwa mikwaruzo, mitano mitano. Majani chini yalikuwa yamekanyagwa mpaka yakawa tope, kazi ya mtu aliyesimama hapo usiku kucha akijaribu kupita arudi kaburini. Ndani ya utomvu mbichi kulikuwa na ukucha mzima, mnene, mweusi, umeng'oka na mzizi wake.

Nilikuwa nimefunga njia. Ila nilikuwa nimeifunga baada ya yeye kupita.

Niliinama kuutazama ule ukucha. Ndipo nikagundua nimesimama upande gani wa mti.