Pipa Lililomwagwa Sokoni

Kila siku akitoka shule, Chiriku haendi nyumbani. Hupanda ngazi za jengo lenye duka la vitanda chini, hadi ofisini kwa mama yake. Huko huvua viatu, hukaa kwenye kiti kilichovunjika mkono, na hufanya hesabu zake huku akiuliza maswali mfululizo. Jina hilo la Chiriku alipewa na Mjomba, kwa kuwa mdomo wake haujui likizo.

Ofisi hiyo ni ya kampuni inayotengeneza vipindi vya televisheni. Si maigizo, la! Ni vipindi vya mambo ya kweli: jinsi daraja linavyojengwa, au kwa nini watoto huumwa meno. Viongozi wake ni watatu. Mama ndiye mwongozaji, anayeamua kamera ielekezwe wapi. Mjomba, mdogo wake Mama, hushughulikia magari na vibali, na utani haumpungukii. Wa tatu ni mhariri, mama mwenye miwani mizito anayeunganisha picha kwenye kompyuta. Si ndugu yao, lakini Chiriku humwita Shangazi, na humwogopa kama shangazi wa kweli.

Watatu hao wana desturi yao. Kabla ya kukipeleka kipindi kwenye kituo cha televisheni, hukaa pamoja wakakitazama. Kila picha muhimu ikipita, Shangazi huuliza, "Nani alikuwepo?" Mmoja wao lazima ajibu, "Nilikuwepo, na ndivyo ilivyokuwa." Picha ikikosa wa kuisemea hutolewa, hata iwe nzuri namna gani.

Sasa sikia balaa aliyojitafutia Chiriku. Jumamosi moja alifuatana na Mama sokoni, kwenye kipindi kuhusu uchafu na magonjwa ya tumbo. Walipofika, lo! Soko lilikuwa safi kabisa. Mfagiaji, mama mmoja mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alikuwa amemaliza kazi na kwenda kunywa chai. Mama aliguna.

"Basi, tutapiga kilichopo," alimwambia mpiga picha, kisha akaenda kuzungumza na mwenyekiti wa soko. Mpiga picha naye akarudi garini kubadilisha betri.

Hapo ndipo kimbelembele kilipompanda Chiriku. Alikuwa ameona uso wa Mama umekunjamana, akataka kumsaidia. Akatazama huku, akatazama kule, akalisukuma pipa la taka kwa mguu. Maganda, mboga zilizooza na maji meusi vikatapakaa mbele ya meza ya muuza machungwa. Chiriku akajitia hamnazo, akaenda kusimama mbali.

Kamera iliporudi, muuza machungwa alikuwa akifoka. "Mnaona? Yule mfagiaji analipwa kwa kulala!" Wauzaji wa jirani wakaangua kicheko. Mama, akidhani pembe hiyo hakuiona mwanzoni, aliagiza yote hayo yapigwe picha, na mwenyekiti aliyefuatana naye akasikia kila neno.

Siku mbili hivi baadaye, Mjomba aliingia ofisini akiwa na simu mkononi. "Mwenyekiti wa soko anatushukuru," alisema. "Yule mfagiaji amemsimamisha kazi."

Kalamu ilimdondoka Chiriku. Alitaka kusema papo hapo, lakini angesemaje? Mama angeaibika mbele ya wenzake. Akanyamaza, na roho ikaanza kumsuta. Ilimsuta akila, ilimsuta akioga. Chai haikushuka, na hesabu rahisi zilimshinda.

"Jamani, Chiriku kapoteza ufunguo wa mdomo?" Mjomba alitania.

Mama alimgusa kipaji cha uso. "Unaumwa, mwanangu?" Mkono ule wa upole ndio uliomzidishia uchungu. Afadhali angepigwa.

Ikafika siku ya kukitazama kipindi. Kituo kilikisubiri jioni hiyohiyo. Viongozi wote watatu walivuta viti mbele ya kompyuta, na Chiriku akabaki kwenye kiti chake kibovu. Picha zikapita moja baada ya nyingine, hadi ikatokea ile ya taka, na sauti ya muuza machungwa ikajaza chumba.

"Picha hii ndiyo inayobeba kipindi," alisema Shangazi. "Nani alikuwepo?"

Mama akanyoosha mkono. "Nili—"

"Mama, usiseme!" Chiriku alipiga kelele. "Usiseme ulikuwepo! Ni mimi niliyemwaga. Palikuwa safi. Mfagiaji hakukosa kitu!"

Mjomba alianza kucheka, akidhani ni mzaha, kisha kicheko kikamkauka. Shangazi akaisimamisha picha. Mama hakugomba. Alimtazama mwanawe muda mrefu, na macho yale yalikuwa mazito kuliko kiboko.

"Itoe," alimwambia Shangazi.

"Kipindi kitapwaya," Mjomba alionya. "Tukikipanga upya hatutawahi jioni hii, na nafasi yetu watapewa wengine."

"Wapewe."

Mjomba akapiga simu kituoni kuomba radhi, na kweli, nafasi ikaenda. Mama akamshika Chiriku mkono, wakashuka ngazi na kwenda sokoni.

Walimkuta mfagiaji ofisini kwa mwenyekiti, amekuja tena kumsihi. Chiriku alieleza yote huku akilia. Mwenyekiti akainamisha kichwa. "Nimekosa, dada," alimwambia mfagiaji. "Sikukuuliza hata neno moja. Kesho urudi kazini."

Mfagiaji hakufurahi upesi. "Mwanangu," alisema, "nilishaomba radhi kwa taka hizo. Nilidhani kweli nilipasahau. Nikaanza kujiuliza kama macho yangu yanaharibika." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Nimekusamehe. Lakini mimi najua sasa. Wale walionicheka hawajui. Nenda ukawaambie."

Wee! Hilo ndilo lililokuwa gumu. Chiriku alianza na muuza machungwa, ambaye aliona haya akakosa pa kuficha uso. Akaenda meza ya pili, na ya tatu, hadi sauti ikamkauka. Mama alitembea kando yake bila kumsaidia neno, ila katika kila meza aliongeza, "Na mimi nisameheni. Niliona taka tu, nikataka kushuhudia kana kwamba nilimwona na aliyezimwaga."

Walipomaliza, walikaa kwenye ngazi za soko.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nimekasirika, na nimefurahi umesema," Mama alijibu. "Anayetutazama akiwa nyumbani kwake hawezi kuja hapa kuhakikisha. Anatuamini sisi. Kwa hiyo ukweli hatuutengenezi ili unipendeze mimi, hata ukinipenda namna gani. Taka ulizomwaga ziliondolewa siku ileile, Chiriku. Lakini aibu uliyomtia yule mama, leo tumeizungukia soko zima, na bado sijui kama imemwisha moyoni."