Fagio la Marcelina

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani yake, Mzee Xavery alifagia bustani. Alianzia mlangoni, akafagia uwanja, akaendelea mpaka katikati ya mboga. Kila jani lililoanguka kutoka kwenye mparachichi alilikusanya, akalitupa shimoni na kulichoma moto. Watu wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, wanamjua fundi huyu kwa usafi. Hata kipande cha uzi hakilali sakafuni kwake.

Alifagia hivyo kwa sababu ndivyo alivyomwona mkewe akifanya kwa miaka thelathini na minane. Marcelina alikuwa akiamka na fagio mkononi. Alifariki mwezi wa sita, baada ya kuugua siku chache tu. Aliacha bustani yake ina mchicha, matembele, nyanya chungu, mstari mmoja wa mgagani, na mwaridi mwekundu kando ya uzio. Mkewe alipokuwa hai, Xavery hakuwahi kushika jembe la bustani. Yeye kazi yake ilikuwa nguo. Lakini siku ya kuanua matanga alisema mbele ya ndugu wote kwamba bustani ya Marcelina haitakufa.

Sasa ulikuwa mwezi wa nane. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na bustani ilikuwa inakufa.

Mchicha ndio ulitangulia. Nyanya chungu zikafuata. Mwaridi ukapukutisha majani yote, ukabaki vijiti vyenye miiba. Udongo ukawa mgumu kama sakafu. Mgagani ulibaki miche saba, imenywea, na maua yake yalikauka kabla ya kutoa mbegu.

Mgagani huo ndio uliomnyima Xavery raha. Mbegu yake haikutoka dukani. Marcelina aliipata kwa mama yake huko Usinge, akaitunza mwaka hadi mwaka. Xavery alipekua jikoni kote akitafuta akiba, akakuta chupa tupu. Marehemu alikuwa amepanda mbegu zote. Miche ile saba ikikauka, mbegu ya Marcelina imekwisha.

Kwa hiyo Xavery alizidisha maji. Alimwagilia asubuhi, akamwagilia mchana jua likiwa utosini, akamwagilia tena alasiri, kidogo kidogo kila mara. Maji hayo aliyabeba binti yake, Suzana, aliyerudi nyumbani mama yake alipofariki. Alichota ndoo sita kwa siku kwenye bomba la mtaani. Siku moja aliitua ndoo na kumtazama baba yake.

"Baba, mimi nimechoka," alisema. "Tunamwagilia kaburi."

Xavery alirudi kwenye cherehani yake akakaa, na siku ile hakushona chochote. Suzana naye alijuta, akaenda kulia jikoni peke yake.

Kesho yake jioni alikuja Amne kuchukua gauni lake. Amne hulima mboga bondeni na kuziuza sokoni. Alikuwa rafiki mkubwa wa Marcelina, lakini tangu matanga hakuwa ameingia uani. Alisema wazi kwamba alikuwa anaogopa kuona uwanja ule bila mwenyewe.

Alimwamkia fundi, akaitikiwa. Kisha akachungulia uani, na gauni akalisahau pale pale. Aliingia bustanini, akainama, akajaribu kuchomeka kidole ardhini. Haukupita hata ukucha.

"Nani anafagia humu?" aliuliza.

"Mimi. Kila siku," alisema Xavery kwa fahari kidogo. "Kama mwenyewe alivyokuwa akifanya."

Amne aliinuka, akajipangusa vumbi mikononi. Lilikuwa neno gumu kumwambia mfiwa.

"Baba, Marcelina hakuwa akifagia bustani. Alikuwa akifagia majani kuyaleta bustanini."

Kwa miaka yote ile Xavery, kutoka dirishani kwake, alikuwa akiona mgongo wa mkewe na kusikia sauti ya fagio. Hakutoka hata siku moja kwenda kuangalia majani yanapelekwa wapi. Roho ilimuuma kuliko siku ya mazishi. Na tuseme ukweli, ilistahili kumuuma.

"Kumbe mimi ndiye niliyeiua," alisema.

"Haijafa yote," alisema Amne. "Lakini wewe ni fundi nguo, na udongo umeuacha uchi juani."

Akamwonyesha. Alimimina kikombe cha maji juu ya tuta. Maji yakateleza, yakalowanisha juu tu. Alipochimba kidogo, chini palikuwa vumbi. Alimweleza kwamba maji ya mchana hukaushwa na jua kabla hayajafika kwenye mizizi. Ni afadhali kumwagilia jioni, polepole, penye shina, mpaka kidole kizame na kukuta unyevu. Kesho yake unapumzika. Udongo ukifunikwa kwa majani makavu hukaa na unyevu wake, na majani hayo yakioza huwa mbolea.

Xavery aliuliza habari za mchwa, maana Tabora mchwa hawana simile. Amne alikiri kwamba huja. Ndiyo sababu Marcelina alikuwa akinyunyiza majivu ya jikoni chini ya majani, akayafunua kila baada ya siku chache kukagua. Tena hakuyasogeza mpaka kwenye shina, kwa kuwa shina likifunikwa huoza.

Kisha Amne alikwangua gome la mwaridi kwa ukucha. Ndani palikuwa pakavu. Akakwangua chini zaidi, karibu na mizizi, napo palikuwa vile vile.

"Huu umekwenda, baba. Sitaki kukudanganya."

Jioni ile ile walianza kazi. Suzana alikuwa amesikia yote. Alichukua gunia akaenda kuomba pumba za mpunga mashineni, na majani makavu kwa majirani waliokuwa wakiyachoma. Xavery alilegeza udongo kwa jembe dogo, taratibu asikate mizizi. Alizungushia kila mche kijishimo cha kukalisha maji. Wakamwagilia, wakanyunyiza majivu, wakatandaza majani na pumba kwa kina cha urefu wa kidole. Kuanzia siku ile Suzana alichota ndoo tatu tu, tena siku moja alichota, ya pili aliruka.

Hata hivyo miche mitatu ya mgagani ilikauka wiki ile ile. Xavery aliing'oa mwenyewe, mmoja mmoja. Minne iliyobaki ilisimama. Ikatoa maua, na safari hii maua yakafanya maganda membamba. Amne aliwakataza kuchuma hata jani moja. Waliyakata maganda yalipoanza kuwa ya njano, kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu, wakayaanika kivulini juu ya kitambaa. Zilipatikana mbegu ndogo nyeusi zisizojaza hata kizibo cha soda. Suzana alizichanganya na majivu, akazitia chupani, maana mbegu mpya ya mgagani hupenda kupumzika miezi mitatu kabla ya kupandwa.

Walizipanda mwezi wa kumi na mbili, mvua zilipokolea. Ziliota karibu zote. Wakaacha mistari miwili isiguswe, kwa ajili ya mbegu.

Siku moja ya mwezi wa kwanza Suzana alichuma mgagani wa kwanza, akauunga kwa karanga kama mama yake alivyomfundisha. Akatenga ugali. Xavery alimega tonge, akachovya, akatia mdomoni. Uchungu wake ulikuwa ule ule. Alitafuna mara mbili, machozi yakamtoka, akaendelea kula huku analia.

Suzana hakumwambia anyamaze. Alimwongezea mboga.