Kadi za Wazee wa Ngungu

Siku ya soko Ngungu, mwaka 2012, Esdras alirudisha lori nyuma, nusura aponde maboksi ya vitabu. Msichana wa kitenge cha njano akapiga bodi kwa kiganja.

"Papa shofere, macho uliacha Butembo?"

"Hapana, dada. Iko juu ya kitenge yako."

Astrid akacheka. Alikuwa akijenga maktaba ya chuo kidogo cha Walikale: vitabu vya Kifaransa, na hadithi za Kihunde, Kinyarwanda na Kinande alizoziandika kutoka vinywani mwa wazee. Kila hadithi na kadi yake: jina la mzee, kijiji, lugha. Ndivyo alivyofundishwa, na alijivunia kadi zile kuliko uzuri wake, ambao haukuwa haba.

Miezi mitano Esdras alimbebea maboksi, na simu hazikatiki.

"Umefika, sheri?"

"Nimefika, roho yangu. Vitabu yako iko muzito kuliko weye."

Wakaahidiana ndoa. Kisha vita vikapamba moto, na Esdras akapiga simu kutoka Walikale.

"Sheri, kadi nimezichoma. Ku barieri, pale wanafunga barabara, watu ya bunduki wanauliza kila muntu luga yake. Kadi zako zinaonyesha nani iko wapi."

"Unajua nini ya vitabu na bibliotheke, weye shofere? Miaka yangu tatu! Usinipigie tena!"

Kiburi cha msomi kibaya, jamani. Astrid akaziandika upya kutoka daftarini, akampa dereva mwingine, Gustave, na yeye mwenyewe akatangulia Walikale kwa pikipiki. Wiki ikapita, boksi halikufika. Ikafika simu ya Mama Léontine wa Ngungu, akilia.

"Astrid, walimunyanganya Gustave boksi. Wamekuja na karatasi yako mu mukono, wakasoma jina na luga ya bwana yangu, muzee Athanase. Wamemuua pa mulango."

Astrid alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akampigia Esdras, akamweleza yote.

"Ulikuwa na haki. Unisamehe."

"Nilikusamehe zamani."

"Basi kuya, tuoane."

Esdras akazima injini ya lori.

"Astrid, baba alipeleka mbuzi ya mahari kwa kina Kanyere, musichana wa kwetu. Wamezipokea."

Kwa Wanande, mbuzi wakishapokelewa, mke amepatikana. Astrid alilijua hilo.

"Unamupenda?"

"Nikimuambia barabara iko mubaya, ananiamini."

Astrid akamtakia heri, kwa uchungu, akakata simu. Akajifunga kitenge cheusi, akatafuta pikipiki ya kurudi Ngungu, akamtazame mjane usoni.