Waliotoka Foleni

Asubuhi hiyo ukumbi wa dawa wa hospitali kuu ulikuwa umefurika hadi mlangoni. Watoto wanalia, feni inazunguka kivivu, na katikati ya zogo lile amesimama msichana mwenye gauni la buluu na viatu vya raba, kidude cha kuhesabia kimo kiganjani. Hasongi mbele, harudi nyuma. Mfamasia wa dirishani, kijana mrefu mwenye koti jeupe lililonyooshwa pasi kama la bwana harusi, alivumilia wee, mwisho akashindwa.

"Dada wa gauni la buluu! Unaumwa nini wewe?"

"Siumwi. Nahesabu watu."

"Ala! Kuhesabu watu nako siku hizi ni kazi?"

"Ni hisabati," alijibu, pua juu. "Mimi ni mhadhiri msaidizi chuo kikuu. Natafuta fomula ya kupunguza foleni yako."

"Basi anza kwa kutoka njiani, Daktari wa Foleni. Huyo bibi nyuma yako hapiti."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Naye alicheka mpaka akasahau kubonyeza, na hesabu za asubuhi ile zikaenda na maji.

Jamani, walipendana! Mchana walikula pamoja kwenye benchi nyuma ya maabara, Daktari akichora mishale juu ya maboksi matupu ya dawa. Aliyeingia foleni, bonyeza. Aliyetoka, bonyeza tena: huyo keshahudumiwa, kwisha habari yake.

"Na mimi ni mshale gani?" mfamasia aliuliza.

"Wewe ni dirisha, mpenzi. Njia zote zinaishia kwako."

Kwa maneno kama hayo, nani asingelainika?

Makala yake ikatoka kwenye jarida kubwa, na chuo kimoja cha ng'ambo kikamwita akafanye utafiti kwa miaka miwili. Kwa msomi anayeanza, nafasi kama hiyo haiji kila siku. Alilia akipanga nguo. Mfamasia ndiye aliyefunga begi, kwa kulikalia.

"Nenda, roho yangu. Mimi nitakungoja."

Mwanzoni simu zilikuwa moto. Baadaye kazi ikamkaba Daktari, ikawa anapiga huku anatembea, begi begani, pumzi juu. Miaka miwili ilipokaribia kwisha, alipiga akiwa na furaha tele.

"Mpenzi, wameniongezea mkataba! Mwaka mmoja tu!"

Upande wa pili palikuwa kimya.

"Uko wapi? Hunisikii?"

"Nakusikia. Hongera."

"Uko sawa lakini?"

"Niko sawa."

"Nakupenda! Ngoja niingie mkutanoni."

Akaridhika, mtoto wa watu. Mtu kasema yuko sawa, basi yuko sawa, unamwandika hivyo unaendelea na kazi. Simu zilipozidi kupungua, yeye akadhani mapenzi yamekomaa.

Siku alipowasilisha fomula yake mbele ya wataalamu, ukumbi ulimpigia makofi. Ndipo profesa mmoja, mama wa makamo, akanyoosha mkono taratibu.

"Mwanangu, umejuaje kwamba wote waliotoka foleni walipata dawa?"

Daktari aliwakumbuka! Aliwaona kwa macho yake mawili, wengine na watoto mgongoni, wakitoka mikono mitupu kwa kuchoka kusubiri. Na kila mmoja alimbonyeza kuwa amehudumiwa. Aibu ilimshika, halafu kikamshika kitu kibaya kuliko aibu. Aliikumbuka ile "niko sawa." Alitoka mbio hadi kwenye korido, akapiga simu. Iliita, iliita, haikupokelewa.

Aliomba ruhusa ya kurudi kuhesabu upya. Hakupita hata kwa mama yake, alikwenda moja kwa moja hospitali na begi lake. Ukumbi ni ule ule, koti ni lile lile, ila kidoleni mwa mfamasia kulikuwa na pete.

"Karibu, Daktari," alisema, macho chini.

"Umeoa?"

"Mwezi uliopita."

"Mbona hukuniambia umechoka? Kila nikikuuliza, uko sawa, uko sawa!"

"Katika watu wote uliowahesabu hapa," mfamasia alisema polepole, "nani alikuja kukuaga kabla hajatoka foleni?"

Daktari alishika ukingo wa dirisha.

"Siku ile nilinyamaza," mfamasia aliongeza. "Nilidhani utasikia."

"Nilisikia hongera."

"Hiyo nayo niliisema."

Daktari alirudi kusimama pale pale pa zamani, safari hii na vidude viwili, kimoja cha wanaohudumiwa na kimoja cha wanaokata tamaa. Machozi yalimtoka waziwazi, hakuyafuta. Mara mama mmoja mwenye mtoto begani akaacha nafasi yake, akaelekea mlangoni. Kidole cha Daktari kilikuwa tayari. Hakubonyeza. Alimkimbilia.

"Mama, samahani, umepata dawa?"

"Wapi! Miguu imekufa ganzi, naenda zangu."

"Kaa hapo, mama yangu. Nipe cheti chako, nikusimamie mimi."

Akaingia foleni. Hakuwahi kupanga foleni ile hata siku moja. Hakujua kama ni ndefu kiasi kile. Alipofika dirishani, mfamasia aliuchukua ule mkono na cheti ndani yake, akaushika kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akaweka dawa kwenye bahasha na kumwelekeza kama anavyomwelekeza kila mtu: asubuhi na jioni, baada ya chakula.

"Asante," Daktari alisema.

Mfamasia alikohoa, akaangalia nyuma ya Daktari.

"Anayefuata!"

Naye akasogea pembeni, watu wapite.