Na Hilo Blanketi Limo?

"Soma mwenyewe," Edson alisema, akaiweka simu yake juu ya rundo la mashuka. "Soma kwa sauti, nisije nikaambiwa nimeongeza."

Nesta alikuwa amepiga magoti sebuleni kwao Mpemba, anakunja foronya za mteja wa Nakonde. Aliichukua simu. Lilikuwa tangazo lake mwenyewe, kwenye ukurasa wake wa kuuzia mashuka. Shuka mbili za maua ya zambarau, futi sita kwa sita, na foronya zake, zimetandikwa kitandani. Pale shuka lilipojikunja, blanketi zito jekundu lenye picha ya tausi lilikuwa linachungulia.

Chini ya picha mteja ameuliza: *Na hilo blanketi la tausi limo?*

Chini zaidi, baada ya maneno ya watu wengine, kwa jina la ukurasa wa Nesta: *Limo dada. Karibu.*

"Sikuandika mimi," Nesta alisema.

"Ukurasa wa nani?"

"Wangu. Lakini sikuandika. Edson, hayo maswali nayajua kama jina langu. Nikiweka shuka wanauliza kama kitanda kimo. Juzi mmoja kaniuliza kama pazia la dirishani limo. Mzambia mmoja kaniandikia kwa heshima zao, mukwai, bei hiyo ni pamoja na mwenye duka? Wote nawajibu: shuka na foronya, basi."

"Huyo wa mwenye duka ulimjibu nini?"

"Nilimwambia mwenye duka ana wenyewe."

Siku nyingine Edson angecheka. Siku hiyo alibaki amesimama mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi, vumbi la Mbozi bado liko kwenye nyusi.

Blanketi lile halikuwa bidhaa. Lilikuja pamoja na jembe, siku wazee wa kina Edson walipokuja kumposa Nesta. Ni blanketi la mama, la kumfuta baridi ya usiku wote aliokesha na mtoto mgongoni. Ukoo wa Edson ni wakulima wa kahawa, watu wa maneno machache, na jambo hili hawalifanyii mchezo. Blanketi likikaa kitandani kwa mama, binti ni wao. Likitoka nje ya nyumba ile, mama amewakataa, na hana haja ya kutuma mtu kusema. Nesta alilijua hilo. Ila kitanda cha mama ndicho kikubwa, na ndicho kiko dirishani penye mwanga, kwa hiyo mashuka yote aliyapigia picha pale. Siku zote alikumbuka kuliondoa blanketi kwanza. Siku ile wateja walikuwa wanapiga simu mfululizo, akatandika juu kwa juu.

"Shangazi yangu ndiye aliyeliona," Edson alisema. "Alilichagua mwenyewe, analijua hata gizani. Kalirusha kwenye kundi la familia. Keshokutwa Jumamosi tulikuwa tuje kupanga tarehe ya harusi. Sasa wanasema wanakuja kuchukua jembe lao."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema nisubirini, nikaliangalie blanketi kwanza kwa macho yangu."

Nesta aliinuka kwa nguvu mpya. "Hapo umesema. Njoo. Mama ameenda Chapwa kununua mchele, lakini chumba chake hakifungwi. Njoo ulione, ulipige picha, uwatumie."

Alisukuma mlango, akavuta shuka la juu.

Chini yake palikuwa na godoro tupu.

Akafungua sanduku la nguo. Akainama mvunguni. Akafunua hata kapu la nguo chafu, huku akijua blanketi la ukubwa ule haliwezi kuingia mle.

"Liko wapi?" Edson aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hilo lilimtisha Nesta kuliko kelele.

"Sijui."

"Jibu limeandikwa Jumapili asubuhi. Jumapili asubuhi ulikuwa na mimi kanisani Vwawa. Nakumbuka ulivyohangaika, ukasema simu ya biashara umeisahau nyumbani. Nyumbani ilikuwa na nani?"

"Na mama."

"Mama yako hasomi. Ukipokea ujumbe wangu si unamsomea wewe? Umeniambia hivyo mwenyewe." Edson aliivaa kofia ya pikipiki, akaivua tena. "Nesta, nakuuliza mara moja tu. Ni mwanaume gani anaingia humu ndani, anashika simu yako, anagawa vitu vya mama yako?"

"Umesema nini?"

"Umesikia."

"Toka, Edson. Toka kabla sijakujibu."

Pikipiki iliondoka kwa hasira kuelekea barabara kuu, kelele zake zikamezwa na foleni ya malori ya mpakani.

Mama yake, Felista, alirudi jioni na mchele kichwani. Alimkuta binti yake amekaa kwenye lile godoro tupu. Akautua mzigo taratibu.

"Umeshajua," alisema.

"Mama, blanketi liko wapi?"

"Ikinga. Nililituma Jumatatu ulipovuka mpaka kufuata mzigo. Nilimpa bodaboda, akalipeleka stendi."

"Na aliyemjibu mteja ni nani?"

"Ni mimi."

Nesta alimkazia macho mama yake kama anayemwona mgeni. "Wewe husomi, mama."

"Nani alikwambia? Nilisoma mpaka darasa la nne. Niliacha tu kujionyesha. Nikionekana najua kusoma, mtaanza kunificha ujumbe wenu. Hivi naambiwa kila kitu."

"Sasa kwa nini ulimwambia limo?"

Felista alikaa pembeni yake. "Yule dada alikuwa ameuliza mara ya kwanza, hukumjibu. Akauliza tena. Akaandika, nyie wauzaji wa mitandaoni ni waongo, pichani mnaweka hiki, mzigoni mnafungasha kile. Mbele ya watu wote wale. Watu wakaanza kumuunga mkono. Mwanangu anaitwa mwongo na mimi nimeshika simu. Nikasema moyoni, blanketi ni langu, nilipewa mimi. Nikaandika limo."

"Na ulijua maana yake kwa kina Edson."

Mama alikaza fundo la kanga yake.

"Mama. Ulijua?"

"Nilijua." Alipapasa godoro kwa kiganja. "Nesta, lile blanketi lina joto, sikatai. Lakini kila nikijifunika naona nimekubadilisha nalo. Nakaa macho nahesabu mapigo ya moyo wangu. Yule dada aliponiuliza, mkono ulikimbia kabla ya akili."

"Hutaki niolewe na Edson?"

"Edson ni kijana mzuri. Sitaki nibaki peke yangu na blanketi."

Nesta alitaka kukasirika, akakosa pa kuishikia hasira. Alitoka nje, akasimama ukutani ambako mtandao unakamata. Hapo akaona alivyobanwa. Akisema kweli, mama amewakataa kwa mkono wake mwenyewe, na ukoo ule haurudi nyuma mama akishakataa. Akinyamaza, Edson anabaki na mwanaume wake wa kufikirika. Akachagua njia ya tatu, akaandika:

*Edson, aliyejibu ni mimi. Niliandika bila kulisoma swali vizuri. Waambie wazee ni uzembe wangu. Nitalifuata Ikinga.*

Jibu lilikuja upesi.

*Jumapili ulikuwa umekaa pembeni yangu, mikono yako iko kwenye kitabu cha nyimbo. Sasa unadanganya kumficha. Ni nani?*

Akampigia. Simu ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa.

*Njoo Jumamosi na watu wako,* aliandika mwishowe. *Utamjua.*

Kesho yake alimpigia dada wa Ikinga, akamwomba radhi, akaomba alirudishe blanketi, apewe lingine jipya.

"Wee dada," yule mteja alisema, "si mliandika limo? Nimeuliza, nikajibiwa, nikalipa. Mtoto wangu analilalia sasa hivi. Nikulalamikie tena pale chini ya picha?"

"Hapana, dada. Lako ni lako."

Alipokata simu, mama yake alikuwa mlangoni, amesikia yote.

Jumamosi walifika watatu: shangazi Tulinagwe, mzee Yonathani aliyekuwa mshenga, na Edson. Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye shati la kiume juu ya gauni. Hakukaa mpaka alipoombwa mara mbili. Chai ililetwa, ikaachwa ipoe.

"Mama Nesta," shangazi alianza, "hatukuja kugombana. Tulileta blanketi na jembe. Blanketi tumeliona linauzwa. Jembe lipo?"

"Lipo nyuma ya mlango."

"Basi tutaondoka nalo. Lakini mzee Yonathani anasema haki ni kuuliza kwanza. Ni nani aliyelitoa?"

Nesta alikohoa. "Shangazi, ni mimi. Nilikuwa..."

"Si yeye," Edson alimkatisha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosa usingizi. "Samahani shangazi. Si yeye, najua, nilikuwa naye. Ameniahidi leo nitamjua mtu mwenyewe. Nesta, mlete."

"Yuko mbele yako," Felista alisema.

Chumba kizima kilimgeukia.

"Ni mimi. Nilisoma swali, nikaandika jibu, nikafunga mzigo, nikautuma. Binti yangu hakujua. Alitaka kubeba lawama ili mimi nisionekane nimewakataa."

Shangazi aliinama mbele. "Na umetukataa?"

Nesta alishika ukingo wa kiti. Neno moja la mama yake lingetosha.

"Niulize kwanza mimi," Felista alisema. "Lile blanketi mlinipa, au mliniwekea niwatunzie?"

"Tulikupa."

"Basi nililigawa, na sikukosea kugawa changu. Mlikosea kunifikiria nimeuza. Hata shilingi ya blanketi sikuichukua, yule dada alilipia shuka. Hilo moja. La pili, shangazi, wewe umezaa?"

"Nimezaa. Nimeozesha mabinti wawili."

"Ulilala siku zile?"

Shangazi Tulinagwe alikunja mikono ya shati lake. Mzee Yonathani akaanza kuikoroga chai isiyo na sukari.

"Sikulala," shangazi alisema. "Blanketi la kwanza nililikunja nikaliweka juu ya kabati. Mwaka mzima sikulishusha. Kwetu hakuna aliyejua."

"Mimi sina kabati," Felista alisema, na shangazi, pamoja na ugumu wake wote, alicheka kidogo puani.

"Hujanijibu, Mama Nesta. Umetukataa?"

"Mkono ulikataa siku ile. Leo nimekaa na ninyi, na mtoto nimemwona alivyokonda toka juzi. Mdomo haukatai."

Mshenga aliweka kikombe chini. "Mdomo kutokukataa hakutoshi," alisema taratibu. "Blanketi limetoka nje ya nyumba, mama. Sisi hatuwezi kuleta lingine kama watu wanaojipendekeza. Kwetu ipo njia moja. Mama mwenyewe aombe, mbele ya watu. Anayeomba blanketi amempokea kijana. Asipoomba, nabeba jembe."

Felista hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa amemlea Nesta kwa kuchoma mahindi kando ya barabara bila kugonga mlango wa mtu, na mtaa mzima ulilijua hilo. Aliinua macho kwa binti yake. Nesta hakumtikisia kichwa wala kumkonyeza. Alimwacha.

"Naombeni blanketi," Felista alisema. Akarudia kwa sauti zaidi. "Naombeni blanketi lingine. Na Nesta awe anakuja kulifua yeye, kila mwezi. Hilo limo au halimo?"

"Limo," shangazi alisema. "Nitamleta mwenyewe asipokuja."

Mzee Yonathani aliivuta chai yake, sasa akainywa yote. Wakaanza kusema habari za tarehe, kahawa ikishavunwa yote na kukauka, barabara za Mbozi zikiwa hazina tope. Lakini Nesta alikuwa bado amesimama.

"Mimi nina neno," alisema. "Edson aliniuliza, ni mwanaume gani anaingia humu ndani. Aliniuliza chumbani kwa mama yangu. Hilo halijajibiwa."

Shangazi alimgeukia mpwa wake polepole.

"Uliuliza hivyo?"

"Niliuliza."

"Simama umjibu."

Edson alisimama. "Hakuna mwanaume. Nilimtunga mwenyewe kwenye pikipiki, kutoka Vwawa mpaka hapa, na nilipofika alikuwa ameshaota ndevu." Hakuna aliyecheka. "Nilikosa, Nesta. Nilikusikiliza nikiwa nimeshakuhukumu. Wewe ulikuwa unamficha mama, mimi nikaona unaficha uchafu."

"Na siku nyingine mtu akirusha kitu kwenye kundi la familia yenu?"

"Nitakuja kukuuliza wewe, nikiwa nimekaa."

Nesta alimwangalia kwa muda mrefu, mpaka shangazi mwenyewe akaanza kusogeza miguu.

"Kaa basi," alisema. "Chai yako imepoa, nitakubadilishia."

Walipoaga, jembe lilibaki nyuma ya mlango. Edson alichelewa kidogo uani, anajifanya anakaza kioo cha pikipiki.

"Blanketi nitalileta wiki ijayo," alisema, "nikishuka na magunia ya kahawa."

"Wiki ijayo ni mbali," Nesta alisema. "Lilete kesho. Mama analala na baridi."