Figa la Bi Shutu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Mwanapili alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuteka maji kisimani na kumwashia moto bibi yake, Bi Shutu. Juma lile alikuwa na kazi ya nne, na hiyo ndiyo aliyoisahau.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa Uhuru. Shuleni kwao, karibu na Msambweni, alikuwa amefika Bwana Kitsao, mwanachama wa chama cha wataalamu wa atomu. Alikuja na kisanduku cha ajabu. Ukikisogeza kwenye jiwe lenye mionzi, ile nguvu isiyoonekana kwa macho, kinalia tika-tika-tika! Aliwaagiza wanafunzi kila mmoja alete jiwe pamoja na karatasi ya kueleza lilikookotwa. Ambaye jiwe lake lingelia zaidi ndiye angekibeba kisanduku siku ya kwenda kupima kilimani. Watoto walipagawa kwa furaha. Lakini Mwanapili na mchezo wa rede! Alicheza Jumatano, akacheza Alhamisi, hata Ijumaa ikamkuta mikono mitupu.

Afanyeje sasa? Jikoni moto ulikuwa bado haujawashwa. Aling'oa figa moja, akalifuta masizi, kisha akaandika: "Limeokotwa kando ya kisima cha kijiji." Mafiga yakabaki mawili, naye huyo, mbio!

Darasani, jiwe la Iddi lilinyamaza kimya. La Mwanaima lililia mara mbili tu. Ikawa zamu ya figa. Tika-tika-tika-tika! Darasa zima lilipiga vigelegele, na Mwanapili akatembea kwa maringo kurudi kwenye dawati lake.

Bwana Kitsao alisoma karatasi, akakunja uso. "Kando ya kisima? Watu wanakunywa maji yake?"

"Kijiji kizima, Bwana," alijibu Mwalimu Garama.

"Basi kanuni ya chama chetu haina mjadala. Kisima kifungwe leo hii. Nitawaita wenzangu wawili kutoka Mombasa, kila mmoja apime kivyake. Kwa sasa watu wateke mtoni."

"Kwani kisanduku chako hakitoshi?" aliuliza Iddi.

"Kinaweza kukosea, mwanangu, na mimi pia. Ndiyo maana tuna chama. Nikipima mimi, mwenzangu hupima tena, na wa tatu hutusahihisha. Mionzi haionekani wala hainuki. Watu wanategemea ukweli wetu tu."

Mwanaima alianza kulia. Kesho yake ilikuwa harusi ya dada yake, wageni walikuwa njiani, na mtoni ni mwendo wa saa nzima. Mwanapili aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Aliinuka.

"Bwana, shikamoo," alisema, ingawa alikwisha kumwamkia asubuhi. "Nimesema uongo. Jiwe hili silo la kisimani. Ni figa la bibi yangu."

Kabla mtu hajatia neno, sauti ilisikika mlangoni. "Hodi! Mwalimu Garama, nimeibiwa figa! Chungu kimepinduka, uji wangu wote umenywewa na majivu!" Alikuwa Bi Shutu, mwiko mkononi. Lo! Watoto walicheka mpaka wakapiga madawati.

"Shikamoo, bibi," alisema Bwana Kitsao, naye akijizuia kucheka. "Figa hili lilitoka wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Marehemu mume wangu alilibeba kutoka kule kilimani mwaka tuliooana."

"Kilimani! Ndiko hasa tunakotafuta mawe ya namna hii!"

Mchana ule alipima kisima, kisanduku kikatulia, na maji ya harusi yakatekwa. Akapima jikoni kwa Bi Shutu, na yale mafiga mawili nayo yakanyamaza. "Usiwe na hofu, bibi," alisema, "lakini jikoni si mahali pa jiwe lile. Chama kitalihifadhi, na wenzangu watakuja kupima upya." Kisha alimpa Mwanapili karatasi mpya, naye akaandika ukweli wote, neno kwa neno. Kisanduku alipewa Mwanaima akibebe. Mwanapili alibeba figa jipya kichwani kutoka shambani, wenzake wakimfuata nyuma na kumwimbia kama bibi harusi, hata mwenyewe akacheka.

Bi Shutu aliinjika chungu, akamtazama mjukuu wake. "Mwanapili, figa moja haliinjiki chungu. Hata chama cha Bwana huyu ni mafiga, kila mmoja anamshikilia mwenzake. Mmoja akisema uongo, chungu kinapinduka, na wanaolala njaa ni wote."

"Maneno hayo nitayafikisha kwa wanachama wenzangu, bibi," alisema Bwana Kitsao.

"Nimekoma, bibi," alisema Mwanapili. Uji ulipoiva, kikombe cha kwanza alimpelekea Mwanaima.