Jinamizi la Mchana

Watu wa mtaani walimwita Mama Mikate. Alifanya kazi kwenye bekari ndogo nyuma ya stendi. Aliondoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Alikanda unga, akapanga trei, akasimama mbele ya tanuri hadi uso ukamwiva. Mchana alirudi hoi. Alikula kidogo, akajitupa kitandani chali, akalala usingizi wa pono.

Jioni aliamka kana kwamba siku ndiyo inaanza. Alifua, akapika, akapiga soga na mumewe, fundi wa baiskeli, mpaka majirani wote wamezima taa. Kisha alijiegesha kidogo tu, na saa ya kazi ikafika.

Nyumba ile ilikuwa na mtu wa tatu. Ni dada wa mume, yaani wifi yake. Alihamia kwao baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache. Alitembea kimya kimya, mpaka mtu hushtuka kumwona amesimama mlangoni.

Mchana mmoja Mama Mikate alifumbua macho. Aliona dari. Aliona pazia. Alitaka kugeuka, mwili ukakataa. Alitaka kuita, sauti haikutoka. Mlangoni palisimama mtu. Mtu yule akasogea, akamkalia kifuani. Alikuwa wifi yake.

Ghafla mwili ukafunguka. Mama Mikate akaketi, jasho linamtiririka. Chumbani hamkuwa na mtu. Nje, wifi alikuwa akianika nguo zake.

"Umeingia chumbani kwangu?" Mama Mikate aliuliza.

"Mimi? Hapana, wifi. Niko na nguo hizi tangu ulipolala."

Siku chache baadaye ikawa vilevile. Mama Mikate akaanza kulala na mlango umefungwa kwa komeo. Wifi akaja hata hivyo, akakaa palepale kifuani.

"Dada yako ananiroga," alimwambia mumewe. "Anapita kwenye mlango uliofungwa!"

Mume akacheka. "Dada yangu? Kufungua chupa ya soda tu huomba msaada. Ataweza kupenya mlango?"

"Cheka tu. Siku moja utanikuta maiti. Chagua: mimi au yeye."

Mume akaacha kucheka. Wifi aliyasikia yote akiwa jikoni. Hakujitetea. Kesho yake alianza kukunja nguo zake, ingawa hakuwa na pa kwenda.

Jirani yao, muuguzi wa zahanati, alipita kuchukua mkate aliomwagiza Mama Mikate. Akamkuta wifi analia juu ya begi. Akauliza kulikoni, akaambiwa. Basi akaingia ndani kwa Mama Mikate, akavuta kiti.

"Jirani, ulipomwona ulikuwa umelala au uko macho?"

"Macho kabisa! Niliona dari, niliona pazia."

"Na mwili?"

"Wote umekufa ganzi. Kifuani kama nimewekewa gunia la unga."

"Hilo ni jinamizi. Hata mimi lilinipata nilipokuwa zamu za usiku. Mimi lilinijia na sura ya baba mkwe."

"Baba mkwe!"

"Naye yuko kwake, mbali huko, hana habari."

Mama Mikate alitaka kucheka, akajizuia. "Sasa nani analituma?"

"Hakuna anayelituma. Tunapoota, ubongo huufunga mwili, ili tusiruke kitandani tukikimbizwa ndotoni. Kwa kawaida akili na mwili huamka pamoja. Mara nyingine akili inatangulia, mwili unachelewa. Macho yanaona chumba, lakini ndoto haijaisha. Kwa hiyo unaiona ndoto humohumo chumbani."

"Mbona pumzi inabana?"

"Unapumua. Ila ukitaka kuvuta pumzi kwa nguvu, misuli ya kifua bado imelala. Inatisha, lakini haikuui."

"Na kwa nini wifi?"

"Akili yenye hofu hutafuta sura. Mchana nani mwingine hupita mlangoni pako?"

Mama Mikate aligeuka kuutazama mlango.

"Usiku unalala saa ngapi?" muuguzi akauliza.

"Usiku? Kwani mimi usiku nalala?"

"Ndiyo hapo sasa. Usingizi haukutoshi, halafu mchana unaanguka chali kwa uchovu. Lala mapema, saa ileile kila siku. Mchana pumzika kidogo tu, tena kwa ubavu. Likija, usipigane nalo. Jiambie kwamba ni ndoto, itapita. Pumua taratibu, ujaribu kuchezesha kidole cha mguu. Likizidi, au ukianza kusinzia kazini bila kutaka, njoo zahanati tukupime."

Mama Mikate alitoka barazani.

"Wifi, hizo nguo zirudishe kabatini."

"Una hakika?"

"Mengi sina hakika nayo. Lakini wewe hukunikalia. Nimekukosea."

Wifi alifuta macho kwa kiganja. Baadaye akasema, "Kama ni usingizi unaotaka, kufua na kupika jioni niachie mimi. Nimechoka kukaa bure."

Ikawa hivyo. Mume alinung'unika kwamba amekosa wa kupiga naye soga, kisha akazoea. Mama Mikate akawa analala mapema. Kazini mikate, iliyokuwa ikimwungulia kwa uchovu, haikuungua tena, na nyumbani mlango haukufungwa tena kwa komeo.

Jinamizi lilikuja mara moja tu baada ya hapo. Alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye kochi, chali. Mwili ukagoma. Mtu akasimama mlangoni. Safari hii Mama Mikate alijua anaota. Aliendelea kumtazama, akipumua taratibu, huku akitafuta kidole chake cha mguu. Kikacheza. Mwili ukafunguka.

Wifi alikuwa pembeni, anamenya viazi.

"Umeota?"

"Nimeota. Tena nilijua naota."

"Uliniota mimi?"

"Wewe. Nikakuambia moyoni, karibu ukae, lakini kwenye kiti."

"Nikakaa?"

"Ukakataa. Ukaondoka bila hata kuaga."

Wifi alicheka kwa sauti. Mama Mikate hakuwahi kumsikia akicheka hivyo. Akanyoosha mkono, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya naye.